Ukurasa wa Mapishi Usio na Mwenyewe: Kisa cha Mhariri Mmoja wa Kisumu

Mwanzoni mwa mwaka 2020, gazeti dogo la kila wiki linalouzwa Kisumu na kaunti jirani lilichapisha maelezo ya kupika mrenda. Chemsha maji, yalisema, tia mrenda na kunde, kisha vunjia humo kidonge cha mchuzi, na kidonge chenyewe kikatajwa kwa jina la kampuni. Musherekha, maji ya majivu ya kulainishia majani, haukutajwa popote. Juu ya ukurasa palikuwa na jina la mwanamke na mchoro wa mama aliyefunga kilemba. Mwanamke huyo hajawahi kuwapo. Aliyekuwa akiuandaa ukurasa ule ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, na maelezo aliyopeleka kwa mhariri yalikuwa tofauti kabisa.

Nitamwita Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu kuanzia chumba cha habari hadi soko la Kibuye. Gazeti litabaki bila jina. Mimi niliingia katika kisa hiki mwaka 2023. Mwalimu alitaka kutoa kitabu cha mapishi aliyoyakusanya, gazeti likamjibu kwamba mapishi hayo ni ya yule mama wa kwenye mchoro, na mama huyo ni mali ya gazeti. Kazi yangu ni kuwafunza waandishi wa mashinani, kwa hiyo akaniomba tukusanye pamoja ushahidi kwamba kwa karibu miaka mitatu mhariri wa ukurasa ule alikuwa yeye.

Wengi waliosikia habari hii waliiona kama ugomvi wa sifa: mama mtu mzima anataka kutambuliwa. Nadhani wanakosea, tena kosa lao ni lile lile lililowafuta wanawake wengi katika historia ya magazeti. Jina la mwandishi juu ya ukurasa wa chakula ni dhamana. Msomaji anajua nani alipika, nani alionja, na nani wa kuulizwa chakula kikiharibika. Ukurasa usio na mwenyewe unaweza kutiwa chochote na yeyote, na asiwepo wa kusema hapana.

Kazi yenyewe ilikuwaje

Makubaliano ya mwaka 2017 yalikuwa ya mdomo. Mwalimu angelipwa kwa kila ukurasa uliochapishwa, pesa zitumwe kwa M-Pesa. Mhariri, kijana wa umri wa wanawe, alimweleza kwa adabu zote: "Mwalimu, wewe tupikie tu. Huyu mama wetu ndiye ataandika." Alikubali bila shida. Wakati ule aliona jina la kubuni ni nafuu, maana hakutaka kusimamishwa njiani na watu wa kumuuliza kwa nini keki zao hazikuumuka.

Niliposoma madaftari yake ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya. Ni madaftari ya kawaida ya shule, kila ukurasa umepigwa mistari ya rula na kugawanywa sehemu tano: tarehe, aliyenipa, vipimo, moto, waliokula walisema nini. Chini ya apoth na boo, yaani mrenda na kunde kwa Kijaluo, ameandika jina kamili la mwanamke anayeuza mboga Kibuye na kwamba amezaliwa Seme. Kisha: boo mafungu mawili, apoth fungu moja, maji vikombe vitatu, musherekha kijiko kimoja cha supu. Mstari unaofuata unasema alijaribu vijiko viwili, ukaja ukakasi kwenye ulimi, mjukuu akasukuma sahani. Mstari mwingine: bila musherekha majani yamekakamaa na rangi imekuwa ya kahawia.

Kwa asiyeujua, musherekha ni maji yanayochujwa kwenye majivu, aghalabu ya maganda ya maharagwe yaliyokaushwa na kuchomwa. Ni kazi ya maji hayo kulainisha majani haraka na kuyaacha yabaki kijani. Kidonge cha mchuzi kina chumvi na harufu ya nyama tu. Jani la mrenda halipati chochote kutoka kwake. Kwa hiyo maelezo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuwa ya kupika kitu kingine. Mama mmoja wa Luanda, kaunti ya Vihiga, alimpungia Mwalimu gazeti lile sokoni akamwambia, "Mwalimu, huyu mama wenu wa gazeti hajawahi kuingia jikoni kwa Mluhya." Hakujua kwamba anazungumza na aliyeuandaa ukurasa, na Mwalimu hakuwa na la kumjibu.

Tabia ya kuandika jina la aliyekupa pishi ina historia ndefu. Clementine Paddleford, mzaliwa wa Kansas aliyeandikia New York Herald Tribune kuanzia mwaka 1936 hadi gazeti hilo lilipofungwa mwaka 1966, alizunguka Marekani nzima, hata kwa ndege ndogo aliyoiendesha mwenyewe, akiuliza watu wanapika nini nyumbani kwao. Mpishi wa nyumbani alitajwa kwa jina na mji wake. Mwalimu hakuwa amemsikia Paddleford hata siku moja. Alifika pale pale kwa njia yake, kwa sababu darasani alizoea kumwambia mwanafunzi aonyeshe jibu limetoka wapi. Gazeti, hata hivyo, lilikata majina yote ya wanawake wa sokoni kila wiki ili kuokoa nafasi. Ukurasa ukaenda kwa wasomaji bila aliyepika na bila aliyempa.

Mapishi au habari?

Kuna jambo la mwaka 2017 ambalo mhariri hakulitambua hadi leo. Mahindi yalikuwa haba, na mwezi wa Mei serikali ilileta unga wa ruzuku, pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90. Pakiti zile ziliisha madukani kabla watu wengi hawajaziona. Mwalimu alikwenda masokoni akauliza bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, ya mahindi, ya mtama na ya muhogo mkavu, akaziandika ukurasani. Akaeleza ni kiasi gani cha muhogo unachoweza kuchanganya na unga wa mahindi kabla ugali haujaanza kunata kwenye mwiko. Tangu hapo akawa anaandika bei kila wiki. Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ziwani, aliandika omena iliyopo sokoni imekaa muda gani, utaijuaje iliyoota ukungu, na nini cha kuweka mezani badala yake.

Ripota wa biashara angeandika bei zile, angepewa ukurasa wa tatu na jina lake juu. Zilipoandikwa na mwanamke chini ya picha ya kilemba, ziliitwa mapishi.

Jane Nickerson aliteuliwa kuwa mhariri wa chakula wa New York Times mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na chakula kikiwa cha mgao. Safu yake iliitwa habari za chakula, na kweli zilikuwa habari: mgao, uhaba wa nyama, bidhaa mpya, mikahawa, pamoja na mapishi. Alikaa hadi mwaka 1957, akaondoka familia yake ilipohamia Florida. Nafasi yake ilichukuliwa na mwanamume, Craig Claiborne, na kwa miongo mingi simulizi iliyokubalika ilisema uandishi wa maana wa chakula magazetini ulianza na Claiborne, kana kwamba miaka 15 ya Nickerson ilikuwa ya kukoroga uji. Mwenyewe hakuacha kalamu. Miaka ya 1970 alirudi kazini kama mhariri wa chakula wa gazeti la mji wa Lakeland, Florida. Iliwachukua watafiti kama Kimberly Voss kupekua kurasa za zamani za wanawake ili majina ya akina Nickerson yarudi kwenye historia, na walichokikuta humo ni waandishi waliokuwa wakiripoti bei, afya na sheria za chakula wakati wenzao wakiamini wanaandika keki.

Sasa fikiria: Nickerson alikuwa akitia jina lake halisi, katika gazeti kubwa namna ile, na bado alisahaulika. Aliyeandika kwa jina la mchoro katika gazeti la wiki la Kisumu, ambalo nakala zake huishia kufungia njugu, atapatikanaje?

Majina ya kubuni

Hoja ya gazeti ilikuwa kwamba jina la kubuni ni desturi ya kawaida, na hapo hawakusema uongo. Magazeti ya kampuni ya Hearst nchini Marekani yalikuwa na Prudence Penny, jina moja lililotumiwa na wanawake tofauti katika miji tofauti kwa wakati mmoja. Los Angeles Times lilikuwa na Marian Manners, jina lililopita mikononi mwa zaidi ya mwanamke mmoja. Chicago Tribune lilikuwa na Mary Meade.

Faida yake kwa gazeti iko wazi. Msomaji anazoea jina, mwandishi akiondoka jina linabaki, na anayefuata anaanza kazi Jumatatu bila msomaji kujua. Hasara yote anaibeba mwanamke. Barua za wasomaji zinaandikwa kwa mtu asiyekuwepo, na miaka ya kazi haiwezi kuonyeshwa kwa mwajiri mwingine.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuhukumu, kwa sababu Mary Meade anatuonyesha upande wa pili. Aliyekuwa nyuma ya jina hilo kwa muda mrefu ni Ruth Ellen Church, mhariri wa chakula wa Chicago Tribune kuanzia mwaka 1936 hadi 1974. Alikuwa na jiko la majaribio ofisini na wataalamu wa sayansi kimu waliopika kila pishi kabla halijachapishwa. Mwaka 1962 alianzisha safu ya mvinyo, inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika gazeti la Marekani. Jina la kubuni halikumpunguzia mamlaka kwa sababu mamlaka yalikuwa yake: yeye ndiye aliyeamua nini kinaingia na nini kinatoka. Mwalimu hakupewa hata nusu ya hayo. Alijaribu mapishi kwa makaa aliyoyanunua mwenyewe, akapeleka maandishi, na baada ya hapo hakuuona tena ukurasa hadi Ijumaa, pamoja na wasomaji wengine.

Tangazo lilipoingia

Mambo yalianza kuharibika Novemba 2019. Shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu inayotokana na kuvu. Mwalimu aliandika ukurasa mzima: mahindi yakaushwe vipi, kwa nini yasianikwe juu ya udongo mtupu, kwa nini punje zilizobadilika rangi zitupwe, na kwa nini kupika ugali muda mrefu hakuondoi sumu hiyo. Kwa maoni yangu huo ndio ukurasa bora aliowahi kuandika. Haukuchapishwa. Meneja wa matangazo alimpigia simu akamweleza kwamba wauzaji wa unga ni "marafiki wa gazeti", na wiki ile likatoka pishi la maandazi ambalo Mwalimu alilipeleka mwaka uliotangulia.

Hakugombana nao. Aliniambia aliona ni maamuzi ya wakubwa. Lakini meneja alikuwa amejifunza kwamba ukurasa ule unaweza kuhamishwa bila kelele, na wiki chache baadaye kikaja kidonge cha mchuzi. Kampuni ilikuwa imelipia tangazo chini ya ukurasa ikaomba "itajwe kidogo" kwenye pishi. Mwalimu alipoombwa akakataa kwa ujumbe wa WhatsApp ambao bado anao: "Kidonge si cha mrenda. Wawekeeni tangazo lao, pishi waniachie." Pishi likabadilishwa bila yeye, likatoka chini ya jina la mama wa kilemba. Mwalimu alipolalamika, alijibiwa kwamba halikutiwa jina lake, kwa hiyo heshima yake haijaguswa.

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa chote, na aliyelitoa aliamini anamtuliza. Kama jina la Mwalimu lingekuwa juu ya ukurasa, asingethubutu mtu kubadilisha neno, kwa sababu kesho yake Kibuye nzima ingemuuliza yeye, naye angesema wazi nani alibadilisha.

Wahariri wa chakula wa Marekani waliwahi kuwekwa kwenye kona hii hii, tena hadharani. Kurasa zao zilinenepa katikati ya wiki kwa sababu supamaketi zilitangaza bei za mwisho wa wiki. Mwaka 1971, Seneta Frank Moss wa Utah alisimama mbele ya mkutano wao Chicago akawashutumu kwamba wako mfukoni mwa watangazaji. Shutuma ilikuwa kali kupita kiasi, kwani wengi wao walikuwa wakiripoti kwa haki kadiri wakubwa wao walivyowaruhusu, na mikataba ya matangazo hawakuwa wakiitia sahihi wao. Hata hivyo hawakuishia kununa. Mwaka 1974 waliunda chama chao, Peggy Daum wa Milwaukee Journal akawa rais wa kwanza, na wakaandika kanuni za maadili kuhusu zawadi, safari za bure na uhusiano na watangazaji. Walipata nguvu kwa kuwa wengi. Mwalimu alikuwa peke yake, hata hakuwa akimjua mwanamke mwingine anayeandaa ukurasa wa chakula kuanzia Kisumu hadi Nakuru.

Aliacha kazi Februari 2020. Mama wa kilemba aliendelea kuandika.

Tulichokipata na tulichokikosa

Watu walimshauri Mwalimu aende mahakamani. Nilimshauri asubiri, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatenganisha mambo mawili ambayo pande zote mbili zilikuwa zikiyachanganya. Kazi iliyoagizwa au kufanywa na mwajiriwa, haki yake ya kibiashara huenda kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Hapo gazeti lilikuwa na hoja, japo kwa makubaliano ya mdomo ni vigumu kujua walikubaliana nini. Lakini haki ya mwandishi kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na kupinga kazi yake isipotoshwe, ni haki ya kimaadili iliyo katika kifungu cha 32, na haiendi pamoja na ile ya kibiashara. Juu ya hayo, orodha tupu ya viungo haina mwenyewe. Mrenda, maji na musherekha ni vya kila mtu. Chenye mwenyewe ni maelezo aliyoyaandika mtu kwa maneno yake, na kitabu cha Mwalimu kilikuwa kimeandikwa upya kutoka kwenye madaftari. Hakikunakiliwa kutoka kwenye kurasa za gazeti.

Kwa hiyo hatukubishania nani anamiliki mama wa kilemba. Tuliweka mezani madaftari yenye tarehe, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya ukurasa baada ya ukurasa, ujumbe wa WhatsApp, na kurasa zilizokatwa ambazo tuliweza kuzilinganisha na daftari mstari kwa mstari. Kosa la vipimo lililo katika daftari likawa lipo pia gazetini. Huo ulikuwa ushahidi mzuri kuliko kiapo. Nakala nyingi za mwaka 2018 hatukuzipata popote.

Madaftari hayo yana thamani kupita kesi. Kuanzia mwaka 2007, watoto wa shule miongoni mwa Waisukha wa Kakamega walishirikishwa kuorodhesha vyakula vya jadi kwa kuwauliza wazee wao, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi, iliyoanzia huko, kama mfano wa kuigwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefanya utafiti wake wa mboga za kienyeji akiwa Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, aliwafanya watu wazione tena osuga (managu), dek (saga) na mrenda kuwa chakula cha heshima. Mwalimu alikuwa akifanya sehemu yake ya kazi hiyo kila wiki, kwa malipo ya ukurasa mmoja, na gazeti halikujua lina nini mkononi.

Gazeti lilitoa barua. Inasema kwamba Mwalimu aliandaa, alijaribu na kuhariri ukurasa wa chakula kuanzia Aprili 2017 hadi Februari 2020, na kwamba halina pingamizi na kitabu mradi jina na mchoro wa mama wao visitumike. Mwalimu alikubali sharti hilo mara moja. Tuliomba pia masahihisho ya pishi la mrenda yachapishwe. Wakakataa, wakisema muda umepita. Kwangu hilo lilikuwa ombi kubwa kuliko barua, maana wapo waliolikata pishi lile na kulihifadhi, na watalirithisha hivyo hivyo.

Kitabu kina majina ya wanawake wote waliompa mapishi, kila mmoja ameulizwa na kukubali. Waliofariki, tuliwauliza watoto wao. Wawili walikataa kutajwa na mapishi yao yameondolewa. Wakati huohuo gazeti jingine limemwomba Mwalimu aanze ukurasa mpya, na safari hii kuna mkataba wa maandishi: jina lake juu, jina la aliyempa pishi ndani, tangazo likae kwenye fremu yake, na ukurasa usibadilishwe kabla hajauona. Wamekubali yote manne. Wanachobishania bado ni pesa za majaribio. Mwalimu anataka makaa, unga na mboga vilipwe kando na malipo ya ukurasa, kwa kuwa pishi moja huhitaji kupikwa mara kadhaa kabla halijafaa kuchapishwa. Mhasibu anasema gazeti halijawahi kulipia mboga. Nimemshauri asitie sahihi hadi walipe.